MAONI: Mkono mwembamba usikataliwe uwanjani

Katika viwanja vingi vya Goma na Nyiragongo, kijana anayetaka kuingia timu ya voleboli anaangaliwa mikono kwanza. Kocha anapanga vijana kwa mstari, anawaambia wapige pompaje, yaani kulala kifudifudi na kujisukuma juu kwa mikono, kisha anahesabu. Anayefika 30 anabaki. Anayeishia 8 anaambiwa aende akakomae, arudi mwaka ujao. Mara nyingi wanaorudishwa nyumbani ni wasichana, na ni watoto wa familia zilizokimbia vita kutoka Rutshuru, Masisi na vijiji vya Nyiragongo. Watoto hao hawakukosa bidii. Walikosa chakula na usingizi, na walipoteza miezi ya shule na ya michezo wakiwa njiani.

Uchaguzi wa namna hii unafaa kuachwa. Huruma ni sababu moja, lakini iko sababu kubwa zaidi: uchaguzi huo unaumiza mchezo wenyewe. Kocha anayechagua kwa ukubwa wa mkono anaacha nje wachezaji wazuri, na wale anaobakiza anawafundisha vibaya.

Tuanze na serivisi, mpira wa kwanza ambao mchezaji anaupiga kutoka nyuma ya mstari wa mwisho. Uwanja wa voleboli una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Kutoka mstari wa nyuma mpaka kwenye wavu ni mita 9. Wavu wa wanaume unasimama mita 2.43, wa wanawake mita 2.24. Baada ya mwamuzi kupiga filimbi, mchezaji anapewa sekunde 8 kupiga mpira. Hakuna anayemsukuma wala anayemzuia. Ni kazi yake peke yake, na akikosea, timu nyingine inapata pointi palepale.

Hesabu ni rahisi. Seti inachezwa mpaka pointi 25. Wachezaji sita wakikosa serivisi mbili mbili kila mmoja katika seti, timu yao imegawa pointi 12 bure, karibu nusu ya seti, na wapinzani hawajatoa jasho. Timu nyingi za mitaa zinapoteza mechi hivyo hivyo. Watazamaji wanasema wapinzani walikuwa na nguvu. Hapana, timu yao ilijifunga yenyewe.

Sasa, je, nguvu ya mkono ndiyo inayofikisha mpira ng'ambo? Mtu wa Goma ana mfano mzuri mbele ya macho yake kila siku. Kijana wa chukudu anayepandisha magunia ya makala na viazi kutoka barabara ya Kibumba ana mikono na mabega ambayo wachezaji wengi wangeyatamani. Mpeleke uwanjani, mpe mpira, umwambie apige serivisi. Mara ya kwanza mpira utagonga wavu. Mara ya pili utaruka juu ya ukuta wa jirani. Nguvu anayo, tena nyingi, lakini mwili wake umeifundisha nguvu hiyo kusukuma polepole kitu kizito. Mpira wa voleboli una uzito wa gramu 260 hadi 280 tu. Hauhitaji kusukumwa. Unahitaji mkono unaopita upesi na kuugonga mahali panapofaa.

Hapo ndipo pompaje inapodanganya. Mtu anapopiga pompaje anainua karibu theluthi mbili za uzito wa mwili wake, polepole, mara nyingi mfululizo. Hicho ni kipimo cha kifua na cha ustahimilivu. Kinasema kidogo sana kuhusu mkono unaotoka nyuma ya kichwa na kupiga kitu chepesi kwa kasi, mara moja. Kumchagua mpiga serivisi kwa pompaje ni kama kumchagua dereva wa pikipiki kwa kuangalia nani anabeba gunia zito kuliko wenzake.

Tena, nguvu ya serivisi haizaliwi mkononi. Inaanzia chini. Mchezaji anayetumia mkono wa kulia anatanguliza mguu wa kushoto, anasukuma ardhi, nyonga inageuka, kiwiliwili kinafuata, bega linakuja, kisha kiwiko, na mwisho kiganja. Kila kiungo kinapokea kutoka kwa kile cha chini na kuongeza. Watafiti waliopima serivisi ya tenisi, ambayo mwendo wake unafanana na huu, walikuta karibu nusu ya nguvu yake inatoka miguuni na kwenye kiwiliwili. Mtoto anayesimama miguu sambamba kama anapigwa picha, halafu anapiga kwa mkono mtupu, ameacha nusu ya nguvu yake ardhini. Kocha anamwona dhaifu na kumpa pompaje nyingine. Dawa yake ilikuwa hatua moja ya mguu.

Na kabla hata ya mguu, kuna kurusha. Serivisi nyingi zinaharibika kabla mkono haujagusa mpira, kwa sababu mpira umerushwa nyuma ya kichwa, au mbali pembeni, au juu mno mpaka upepo wa ziwa unauchukua. Mpira unapaswa kupanda mbele kidogo ya bega la mkono unaopiga, ili mchezaji aukute juu, mkono ukiwa umenyooka. Kurusha vizuri hakuhitaji misuli yoyote. Kunahitaji kurudiwa mara nyingi kwa utulivu.

Itakuwa uongo, hata hivyo, kusema kwamba nguvu ya mkono haina maana. Ina maana kubwa. Wachezaji wawili wakiwa na ufundi sawa, mwenye mkono wenye nguvu atapiga mpira mgumu zaidi kupokewa. Na mtoto ambaye mkono wake hauwezi kabisa kufikisha mpira mita 9 ataanza kubuni njia zake: atapinda mgongo, atarusha mwili mzima upande mmoja, atapiga kwa ngumi. Njia hizo zikizoeleka ni kazi ngumu kuziondoa. Makocha wanaotafuta nguvu wanaona jambo la kweli. Wanachokosea ni dawa.

Dawa ni kulinganisha njia ya mazoezi na mkono wa kila mtoto. Mwenye mkono wenye nguvu anaweza kuanza nyuma ya mstari, mita 9 zote, na kuufanya mwendo mzima pamoja: kurusha, hatua, kupiga. Atakosa sana mwanzoni, lakini nguvu ya kufika anayo, na mwendo utajisawazisha. Yeye anafaa kufundishwa kulenga, kwa sababu tatizo lake ni mpira unaotoka nje. Mwekee godoro au kanga iliyotandazwa kwenye kona ya nyuma ya uwanja wa pili, mwambie aiguse.

Mwenye mkono mwembamba aanzie karibu. Asimame mita 3 kutoka kwenye wavu, pale kwenye mstari wa mashambulizi, apige mpira upite taratibu. Akifaulu mara 8 katika 10, arudi nyuma hatua moja. Akishindwa, asonge mbele bila aibu. Kwa wiki kadhaa atafika mita 6, kisha 7, na mwendo wake utabaki ule ule mzuri kwa sababu hakuwahi kulazimishwa kuupindisha. Huyu pia afundishwe vipande vipande: leo kurusha tu, kesho kurusha na hatua, kesho kutwa kupiga. Wakati huo nguvu yake inakua pembeni. Siku nguvu na ufundi vinapokutana kwenye mita 9, kocha anapata mchezaji asiyekosa.

Na serivisi ya chini, ile ya kupiga mpira kutoka usawa wa kiuno, isidharauliwe. Sheria inairuhusu, kwa watoto na kwa wakubwa. Msichana wa miaka 12 anayepitisha serivisi kumi za chini bila kukosa ana faida kwa timu kuliko kaka yake anayepiga za juu na kupoteza sita.

Makocha wana jibu lao, na jibu hilo linastahili kusikilizwa. Wengi wao ni watu wa kujitolea. Hawalipwi hata franka. Mmoja ana watoto 30 au 40, mpira mmoja, na wavu uliofungwa kwa kamba kati ya miti miwili, juu ya ardhi ya mawe ya volkano inayochana magoti. Wakati mtoto mmoja anapiga serivisi, 29 wanafanya nini? Wasipopewa kazi watapigana, au watakwenda barabarani. Pompaje haina gharama, na inawaweka mahali pamoja. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya pompaje nyingi, wala siyo elimu ya michezo.

Lakini kuna kazi nyingine zisizo na gharama. Mpira wa matambara au wa majani ya migomba, ule ambao kila mtoto wa kijijini anajua kuufunga, unatosha kufundisha kurusha. Watoto 15 wanaweza kusimama na mipira 15 ya matambara, wakirusha na kudaka mbele ya bega. Kumi wengine wanaweza kutupa mipira hiyo ukutani kwa mwendo ule ule wa serivisi, mguu wa kushoto mbele, kiwiko juu. Ukuta wa darasa uchorwe mstari wa chaki kwenye usawa wa wavu. Watano wanaobaki wako kwenye mpira wa kweli. Kila dakika 5 makundi yanabadilishana. Kwa saa moja, kila mtoto amerudia mwendo mara nyingi kuliko ambavyo angeurudia kwa wiki nzima akisubiri zamu.

Kuhusu mazoezi ya nguvu yenyewe, yapo yanayofaa zaidi kuliko pompaje peke yake. Pompaje inajenga kifua na nyuma ya mkono, yaani misuli inayosukuma. Mkono unaopiga mpira unahitaji pia breki. Baada ya kupiga, ni misuli ya nyuma ya bega inayosimamisha mkono usichomoke na kasi yake. Mchezaji anayejenga mbele na kusahau nyuma ni kama baiskeli yenye kanyagio nzuri bila breki: ataumia bega. Mpira wa ndani wa baiskeli uliokwisha kazi, ukifungwa kwenye mti, unatosha kufanya mazoezi ya kuvuta. Chupa ya nusu lita iliyojazwa maji inatosha kwa mazoezi ya bega, ikiinuliwa polepole. Kuruka, kuchuchumaa na kusimama kunajenga miguu, ambako nguvu inaanzia. Pompaje ibaki, lakini iwe chache na zifanywe vizuri, magoti yakiwa chini kwa asiyeweza, na ziongezwe kidogo kidogo.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kujenga misuli angalau siku 3 kwa wiki. Siku ya kupumzika kati ya siku mbili za mazoezi mazito ni sehemu ya mazoezi, kwa sababu misuli inajengwa wakati wa kupumzika. Wazazi wenye hofu kwamba mazoezi ya nguvu yanadumaza mtoto watulie. Yakiwa ya kiasi, na mtu mzima akiwepo, yanafaa. Kwa mtoto ambaye bado hajabalehe, nguvu inaongezeka hata mkono usiponenepa, kwa sababu mwanzoni ni neva zinazojifunza kuiamsha misuli iliyopo. Kwa hiyo mkono mwembamba unaweza kuwa na nguvu, na kocha anayepima kwa macho hataiona.

Kuna hesabu moja zaidi ambayo makocha wengi wanaisahau, nayo inawahusu watoto wa familia zilizokimbia kuliko wengine wote. Bidoni ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20. Hiyo ni zaidi ya mara 70 ya uzito wa mpira wa voleboli. Msichana anayechota maji asubuhi mara mbili na jioni mara moja, akipanda juu ya mawe, anafika uwanjani saa kumi akiwa ameshafanya mazoezi ya siku nzima. Mikono yake inatetemeka. Anashindwa pompaje ya tisa. Kocha anaandika kwamba ni dhaifu, kumbe pengine ndiye mwenye nguvu kuliko wote waliopo. Amechoka tu, na huenda hajala tangu uji wa asubuhi, kama ulikuwepo.

Kumpima mtoto huyo bila kumuuliza ameamkaje ni dhuluma. Na kumfanyisha mazoezi mazito akiwa na njaa ni hatari. Mwili usio na chakula haujengi msuli. Siku ambayo watoto wengi hawajala, mazoezi ya kurusha na kulenga yanatosha, ya nguvu yaahirishwe. Swali moja dogo, “Mwanangu, leo umechota maji mara ngapi?”, linampa kocha habari nyingi kuliko pompaje 30.

Jambo lingine ni adhabu. Mtoto akichelewa, pompaje 20. Akikosa serivisi, pompaje 20. Akicheka, pompaje 20. Hivyo anayekosa sana, yaani yule anayehitaji kufundishwa zaidi, ndiye anayechoshwa mikono zaidi, kisha anaambiwa apige tena serivisi kwa mikono iliyochoka. Atakosa tena. Duara hilo halina mwisho, na kitu pekee ambacho mtoto anajifunza ni kuogopa mstari wa nyuma. Zaidi ya hayo, baadhi ya watoto hawa wameona watu wenye silaha wakiwalaza wengine chini kwa amri. Uwanja wa mchezo usiwakumbushe hayo.

Bega linalouma nalo lisichukuliwe kuwa uvivu. Uchovu wa misuli unaisha baada ya siku moja au mbili. Maumivu yanayochoma ndani ya bega wakati wa kuinua mkono, yanayomwamsha mtoto usiku, au yanayorudi kila akipiga, ni alama ya kusimama. Apumzishwe kupiga, apelekwe kituo cha afya. Kumwambia avumilie ni kuharibu bega ambalo kesho litatakiwa kulima na kubeba mtoto.

Wengine watauliza kwa nini kuhangaika na serivisi wakati watu hawana mahali pa kulala. Mwanzoni mwa 2025, kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa, na familia zikatawanyika: wengine walirudi kwenye vijiji vilivyobomolewa, wengine wako kwa jamaa, mashuleni, makanisani. Ni kweli kwamba voleboli haijengi nyumba. Lakini kijana aliyekataliwa uwanjani haendi kukaa nyumbani, kwa sababu nyumba yenyewe hana. Anakwenda kijiweni. Na katika eneo hili kila mzazi anajua ni watu gani wengine wanaotafuta vijana, na kwamba watu hao hawamkatai mtu kwa sababu ya mikono myembamba. Kwa msichana, uwanja ni mojawapo ya mahali pachache ambapo anaitwa kwa jina lake, mbele ya watu, na kupigiwa makofi.

Kenya inatoa mfano wa karibu. Timu yake ya wanawake, Malkia Strikers, ilicheza michezo ya Olimpiki ya Tokyo na ya Paris. Wachezaji wa kiwango hicho wanatengenezwa kwa miaka mingi, na kazi hiyo inaanza na mtu aliyemvumilia msichana ambaye mpira wake haukufika kwenye wavu. Msichana wa Kivu aliyerudishwa nyumbani siku ya kwanza hatapata miaka hiyo.

Basi yanayodaiwa si makubwa. Makocha waache kuchagua kwa pompaje. Wampe kila mtoto wiki sita za kujifunza, kila mmoja kutoka umbali wa mkono wake, ndipo wachague, tena kwa serivisi zinazopita. Waache adhabu za mikono. Mashirika yanayoleta mipira kabla ya mashindano na kupiga picha yalete pia mipira myepesi ya watoto, na yagharamie siku chache za mafunzo kwa makocha wa mitaa, kwa sababu mpira unapasuka baada ya miezi na ufundi wa kocha unabaki. Wakuu wa shule na viongozi wa makanisa wafungue kuta na viwanja vyao saa za jioni. Wazazi nao, hasa wale wenye wavulana na wasichana nyumbani, wagawe bidoni kwa usawa, ili dada asifike uwanjani na mikono iliyokufa huku kaka yake akifika amepumzika.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri amani irudi. Mstari wa chaki ukutani unaweza kuchorwa leo jioni, na mtoto aliyeishia pompaje ya 8 akaitwa arudi, asimame mita 3 kutoka kwenye wavu, na aanze.